Ua Geni la Mlimani: Jina Lake Hupatikanaje?

Kuna picha inayozunguka katika simu za watu mwaka hadi mwaka. Inaonyesha mmea mrefu wa rangi ya krimu, umesimama peke yake kwenye mteremko wa mawe, umejipanga tabaka kwa tabaka kama mnara, na chini yake pameandikwa kwamba hilo ni ua la Himalaya linalochanua mara moja tu kila baada ya miaka 400. Wengi huituma kwa wenzao kwa nia njema, na wengine huuliza kama habari hiyo ina ukweli wowote. Mmea wenyewe ni wa kweli. Jina lake la kisayansi ni Rheum nobile, huota katika mwinuko wa mita 4,000 na zaidi, na unaweza kufikia kimo cha mtu mrefu. Kisicho cha kweli ni ile miaka 400. Kila mmea huishi miaka kadhaa ukiwa fungu la majani lililolala ardhini, kisha huchanua mara moja, hutoa mbegu na kufa. Lakini kwa kuwa mimea hiyo haikuota yote siku moja, mmoja ukimaliza zamu yake mwingine huanza. Zaidi ya hayo, kile kinachodhaniwa kuwa ua si ua. Ni majani mepesi yanayopitisha mwanga na kuzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, nayo yamefunika maua madogo yasiyovutia macho na kuyahifadhia joto, kama mtu aliyejifunika shuka jepesi penye upepo mkali.

Nimeanza na mmea huo kwa sababu unaonyesha vizuri tunavyokosea tunapokutana na ua tusilolizoea: tunalitazama kwa mbele, tunavutiwa na rangi, kisha tunapokea hadithi kabla ya kuuliza jina. Swali la jina ndilo lingepaswa kutangulia, kwa maana jina likishapatikana, yote yaliyoandikwa kuhusu mmea huo hufunguka: unaota wapi, unachanua lini, una sumu au hauna, umeenea au umebaki mchache. Lakini jina lenyewe si zawadi anayoitoa mjuzi mmoja kwa kutupa jicho. Ni dai, na kama madai mengine yote linahitaji ushahidi. Ndiyo maana wapenzi wa maua wazoefu, ukiwaonyesha picha na kuwauliza hili ni ua gani, mara nyingi huanza kwa kukuuliza wewe maswali.

Mtaa, nyumba na mwenye nyumba

Kuna maneno matatu yasiyoepukika. Spishi ni kundi la mimea inayofanana kwa sifa za kudumu na ambayo kwa kawaida huzaana yenyewe kwa yenyewe. Spishi zenye undugu wa karibu huwekwa katika jenasi moja, na jenasi zenye undugu huwekwa katika familia moja. Anayemtafuta mtu asiyemjua katika mji mkubwa huanza kwa kuuliza mtaa, kisha nyumba, kisha mtu mwenyewe. Katika mimea familia ni mtaa, jenasi ni nyumba, na spishi ndiye unayemtafuta. Jina la kisayansi lina maneno mawili, la kwanza likitaja jenasi na la pili likibainisha spishi, utaratibu ambao Carl Linnaeus wa Uswidi aliutumia kwa mimea yote aliyoifahamu katika kitabu chake cha mwaka 1753 na ambao unafuatwa hadi leo. Majina ya kienyeji yana thamani kubwa, kwa sababu mara nyingi hubeba maarifa ya matumizi ya mmea, ila jina moja laweza kupewa mimea mitatu tofauti, na mmea mmoja ukawa na majina kumi.

Mimea inayotoa maua ina spishi zaidi ya 300,000, na familia ya alizeti peke yake ina zaidi ya 20,000. Hakuna binadamu anayezijua zote. Mtu anayekutajia familia ya ua lako papo hapo hakukariri spishi hizo. Amezoea alama za mitaa. Shina lenye pembe nne, majani yanayotazamana mawili mawili na ua lenye midomo miwili humpeleka kwenye familia ya rihani. Petali, yaani vile vijani vya ua vyenye rangi, zikiwa nne zilizokaa kama msalaba, pamoja na stameni sita, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua, nne zikiwa ndefu na mbili fupi, humpeleka kwenye familia ya kabichi. Ua la familia ya alizeti lina mtego wake: si ua moja bali ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyobanana juu ya kitako kimoja, na kila kile kinachoonekana kuwa petali pembezoni ni kijiua kamili. Anayezihesabu petali za namna hiyo, kwa kweli anahesabu maua. Edelweiss, ua mashuhuri la milima ya Alps, limeongeza fumbo juu ya fumbo, kwa sababu nyota yake nyeupe ni majani yenye manyoya, na maua yake yamo katika vifungu vidogo vya manjano vilivyokaa katikati ya nyota hiyo.

Geni kwa maana ipi?

Mtu anaposema ameona ua geni, anaweza kuwa anamaanisha jambo moja kati ya matano. Huenda ni spishi ya kawaida ambayo yeye hajawahi kuiona. Huenda ni spishi inayojulikana, lakini haikutarajiwa mahali pale, kwa kuwa mbegu husafiri kwenye nyayo za viatu, manyoya ya wanyama na magurudumu ya magari. Huenda ni spishi ya kawaida iliyotoka na rangi au umbo lisilo lake. Huenda ni chotara wa spishi mbili. Au huenda kweli ni spishi ambayo sayansi haijaielezea. Uwezekano hupungua kadiri unavyosogea kutoka jambo la kwanza kuelekea la tano, ingawa hilo la tano nalo hutokea, na kila mwaka mimea mipya hupewa majina. Kosa la watu wengi ni kuruka hatua nne na kutua kwenye ya mwisho.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Tuseme mtu anayepanda milima ya Alps ameona ua dogo jeupe lenye umbo la kengele, limeinama juu ya shina jembamba kama uzi, na majani ya shina hilo ni membamba kama ya nyasi. Amelipiga picha kwa mbele, amelitafuta katika kitabu chake kwenye kurasa za maua meupe, na hakuliona. Anawaonyesha wenzake. Wa kwanza anaona petali tano zilizoungana zikawa kengele, na bila kusita anataja jenasi Campanula. Mwenye picha anashangaa, kwa sababu katika kitabu chake jenasi hiyo imejaa maua ya buluu. Hapo wa pili anauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora kuliko yote yanayoweza kuulizwa kuhusu ua jeupe: jirani zake walikuwa na rangi gani? Naye anakumbuka kwamba hatua chache kutoka pale palikuwa na kengele nyingi za ukubwa uleule, zote za buluu.

Rangi ya buluu, zambarau na nyekundu katika maua mengi hutokana na kundi la kemikali ziitwazo anthosiani, na mmea unaorithi hitilafu katika hatua mojawapo ya kuzitengeneza hutoa ua jeupe, hali sehemu nyingine zote zimebaki vilevile. Kwa hiyo kitabu kilichopangwa kwa rangi, ambacho ni rafiki mkubwa wa anayeanza, humpotosha siku anapokutana na ua la namna hii. Ua lilikuwamo kitabuni muda wote, ila kwenye kurasa za buluu.

Sasa wa pili anapendekeza Campanula rotundifolia. Mwenye picha anapinga, tena kwa hoja nzuri: neno hilo la pili maana yake ni majani ya mviringo, na yeye ameona majani membamba. Anaambiwa apekue chini kabisa, shina linapotokea ardhini. Spishi hiyo ina majani ya mviringo kwenye kitako, ambayo mara nyingi yamekwisha kunyauka au kufunikwa na nyasi ua linapofunguka, na mpita njia anayetazama juu tu hawezi kuyaona. Anarudi kesho yake, anapiga magoti, anatenganisha nyasi kwa vidole, na anakuta majani mawili madogo ya duara, moja limeanza kukauka pembezoni.

Mtu angedhani mambo yameisha. Lakini wa tatu anakumbusha kwamba katika milima hiyohiyo yupo ndugu wa karibu, Campanula scheuchzeri, na kwamba njia mojawapo ya kuwatenganisha ni kutazama tumba, yaani ua kabla halijafunguka: la scheuchzeri huinama, la rotundifolia husimama wima. Wote wanarudi kwenye picha ya kwanza kabisa, na pembeni, nje kidogo ya mahali kamera ilipolenga, lipo tumba moja lililosimama wima.

Tazama ushahidi ulikotoka. Hakuna hata mmoja aliyeitegemea rangi iliyomvutia mpiga picha. Jirani, kitako cha shina na tumba, vyote vilikuwa mahali ambapo jicho halikwenda lenyewe.

Upande ambao haupigwi picha

Hii ndiyo sababu picha nzuri ya ua kwa mbele, yenye mandhari iliyofifizwa nyuma yake, huwa haina msaada mkubwa katika utambuzi, hata ikiwa inafaa kutundikwa ukutani. Anayesaidia anahitaji kuona ua kwa ubavu na kwa mgongo, ambako sepali, vile vijani vinavyolifunika tumba na kubaki chini ya petali, huonyesha umbo na manyoya yake. Anahitaji kuona jani linavyoshikana na shina, sehemu ya juu na ya chini ya jani, kitako cha mmea, na mmea mzima ukiwa mahali pake, pamoja na kitu cha kupimia kama rula au sarafu. Mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe na aina ya mwamba huondoa majina mengi kabla hata ya kulitazama ua, kwa sababu ipo mimea inayopenda mwamba wa chokaa na ipo isiyouvumilia. Kioo cha kukuza mara kumi, ambacho hutoshea kwenye kiganja, kinafichua manyoya na tezi ambazo kamera nyingi za simu hazizinasi.

Mpangilio wa majani unastahili neno la ziada, kwa kuwa kuna mahali ambapo umewaponza watu. Katika milima ya Ulaya mizizi ya Gentiana lutea, mmea mrefu wenye maua ya manjano, imechimbwa tangu zamani kwa ajili ya dawa na vinywaji vichungu. Karibu nayo huota Veratrum album, ambayo ina sumu kali, na kabla ya kuchanua mimea hiyo miwili hufanana sana kwa majani mapana yenye mistari. Tofauti yake ni rahisi ukishaonyeshwa: majani ya Gentiana hutokea mawili mawili yakitazamana, na ya Veratrum hutokea moja moja, kila moja upande wake, kwa kuzunguka shina. Wachimbaji waliokosea wamelazwa hospitalini kwa sumu. Kwa hiyo jina lolote lililopatikana kwa picha, hata likikubaliwa na kila mtu, lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kula au kuchemsha mmea.

Programu, mwinuko na wingi wa kura

Siku hizi wengi huielekeza simu kwenye ua na kupewa jina papo hapo, na wapo wanaoamini kwamba programu hizo zinaujua mmea kama daktari anavyoujua mwili. Zinachofanya ni kulinganisha picha yako na picha nyingi zilizofundishiwa. Ni kama mtu aliyelelewa katika kijiji kimoja, ambaye kila mgeni anayepita humwita kwa jina la mwanakijiji anayefanana naye. Mimea ya mlima wako ikiwa haimo katika mafunzo hayo, au ua lako likiwa na umbo lisilo la kawaida, bado huenda utapewa jina, na sauti ya programu haitatetemeka. Mimi nazipenda kwa kazi moja: hufikisha mtu kwenye familia au jenasi kwa haraka, kisha kazi ya kweli inaanza.

Dhana nyingine ni kwamba mmea mfupi uliokutwa juu mlimani lazima uwe spishi tofauti na mrefu wa bondeni. Katika miaka ya 1930 na 1940, Jens Clausen, David Keck na William Hiesey walilijaribu jambo hilo huko California. Waligawanya mmea mmoja vipande na kuvipanda katika bustani tatu, moja karibu na usawa wa bahari, moja katikati ya milima na moja karibu mita 3,000 juu, ili vipande vyenye urithi uleule viishi katika hali tofauti. Mmea uleule ulibadilika kimo na muda wa kuchanua kulingana na bustani. Lakini pia waligundua kwamba mimea iliyotoka juu na iliyotoka chini, ingawa ni ya spishi moja, ilitofautiana hata ilipopandwa bega kwa bega. Kimo cha mmea, basi, hubeba habari mbili zilizochanganyika, ya mahali na ya urithi, na kwa picha moja haiwezekani kuzitenganisha.

Umbo lisilo la kawaida nalo limewahi kumsumbua Linnaeus mwenyewe. Aliletewa mmea wa Linaria vulgaris, ambao kwa kawaida ua lake lina midomo miwili na mkia mmoja, lakini huu ulikuwa na maua ya mviringo yenye mikia mitano. Mwaka 1744 aliandika kuhusu mmea huo na kuuita Peloria, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kutisha, na alifikiri kwamba ulitokana na kuchanganyika kwa spishi mbili. Jibu lilipatikana mwaka 1999, watafiti walipoonyesha kwamba jeni, yaani agizo la urithi, inayosimamia umbo la ua hilo haikubadilika maandishi yake. Ilikuwa imezimwa tu. Spishi ilikuwa ileile.

Kisha kuna ua lisilo ua kabisa. Katika milima ya Rocky huko Colorado, mimea ya jenasi Boechera, ya familia ya kabichi, hushambuliwa na kuvu ya kutu iitwayo Puccinia monoica. Kuvu hiyo hulazimisha mmea kutoa shada la majani kileleni, huyafunika kwa rangi ya manjano, hutoa harufu na majimaji matamu, na wadudu huja wakidhani wamefika kwenye ua, kumbe wanabeba chembe za uzazi za kuvu. Binadamu pia hudanganyika, akadhani ameona ua la manjano asilolijua. Mjuzi atakayelitazama kwa kioo cha kukuza hataona stameni wala ovari, ataona vijidoa vya kuvu juu ya majani, na hapo swali lenyewe litakuwa limebadilika.

Kwa machotara mfano mzuri uko Kilimanjaro. Impatiens kilimanjari, yenye ua jekundu, haipatikani mahali pengine popote duniani, na pale inapokutana na Impatiens pseudoviola huzaana nayo na kutoa mimea yenye rangi na umbo la katikati. Mtu anayeshinikiza apewe jina moja la mmea wa namna hiyo anauliza kitu ambacho mmea hauna. Jina la haki ni majina mawili ya wazazi, na alama ya kuzidisha katikati yake.

Hapa ndipo wenzako wanapohitajika kwa namna ambayo si ya kupiga kura. Watu kumi wakikubaliana kwa sababu wote wamemfuata wa kwanza, ushahidi ni wa mtu mmoja. Anayefaa zaidi ni yule anayesema, ingekuwa spishi unayoitaja tungeona manyoya chini ya jani, je, yapo? Tofauti ya maoni ya aina hiyo isichukuliwe kuwa ugomvi, kwa sababu huonyesha picha ipi haijapigwa. Na pale ushahidi unapokomea, wajuzi wana njia ya kuandika hivyo waziwazi: huandika jina la jenasi likifuatwa na sp., yaani spishi haijabainishwa, au huweka cf. kabla ya neno la pili, kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya linganisha. Hata kengele yetu nyeupe ina mpaka huo. Mimea ya kundi la Campanula rotundifolia hutofautiana kwa idadi ya kromosomu, yaani vile vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli, mingine ikiwa na 34, mingine 68 na mingine 102, na hakuna kamera inayoweza kuzihesabu. Penye shaka ya kiwango hicho, sampuli hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambako huwekwa kando ya sampuli nyingine za kundi hilo na, pale inapowezekana, sampuli ya mmea uleule uliopewa jina hilo mara ya kwanza.

Kuchuma sampuli, hata hivyo, ni kazi ya wenye kibali, na ua lililo adimu kweli linaweza kumalizwa na watu wanaolipenda. Huko Uingereza okidi iitwayo Cypripedium calceolus iliwahi kuchumwa na kung'olewa mpaka ikadhaniwa imetoweka, na mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja tu wa porini katika vilima vya Yorkshire. Mahali pake palifichwa kwa miongo mingi, na ulipochanua uliwekewa walinzi. Anayeomba msaada wa kutambua ua anaweza kujifunza kutoka hapo bila kupoteza chochote: jina la safu ya milima, mwinuko na aina ya mwamba vinamtosha mtu anayetafuta jina, na alama kamili ya mahali apewe yule tu mwenye wajibu wa kuulinda mmea huo, pamoja na picha ambazo bado zina rekodi za mahali zilipopigwa.